Kazi Nyepesi

Nimefika Ntyuka saa nne, jua limeshakunja mikono ya shati.
Pikipiki nimeizima mbali, chini ya kilima, ili wasinisikie.
Wamenisikia.
Machimbo yamebaki na akina mama wanne
na nyundo kumi na moja.
Naokota moja iliyotupwa pembeni:
mpini una joto bado,
umekatwa ukawa mfupi,
ukatoshea kiganja ambacho si cha hawa.

Nawaamkia kwa Kigogo, mbukwenyi.
Wanaitikia kwa heshima ile inayofunga mlango.

Nafungua mkoba. Fomu ina nembo, ina vijisanduku.
Jina la mtoto. Umri. Aina ya kazi. Jina la mwajiri.

Mmoja hakukimbia.
Amekaa juu ya kiroba, mguu umefungwa kipande cha sketi ya shule;
jiwe lilimrukia juzi.
Foibe, anasema, kabla sijamuuliza.
Na miaka?
Bibi yake anahesabu kwa vidole vilivyopauka vumbi:
"Huyu kazaliwa uwele ulipoliwa na kweleakwelea,
siyo ile mara ya kwanza, ile ya pili,
mama yake akiwa anauza karanga stendi."
Naandika kumi na tatu.
Nafuta. Naandika kumi na mbili.
Sheria inataka namba, ndege haiwajui.

Na sheria ninaijua, msinione hivi.
Nimeifundisha semina, ukumbi wa kiyoyozi, chai na sambusa mbili mbili:
aliye chini ya miaka kumi na minne asiajiriwe;
akiifikisha, apewe kazi nyepesi tu,
isiyomdhuru afya,
isiyomnyima shule.
Kutoka hapa juu mji wote uko wazi,
paa la Bunge unaweza kulifunika kwa kidole gumba.
Ilipitishwa pale. Wakaipigia meza makofi.

Nyepesi.
Nani aliyeipima, kwa mizani ya duka gani?
Nalishika debe la Foibe, limejaa kokoto za nusu inchi,
nalinyanyua. Linafika gotini,
na mgongo unanikumbusha mwaka niliozaliwa mimi.
Bibi anacheka bila kutoa sauti.
"Kwa siku anajaza matano," anasema,
"akiwa mzima."

"Na shule, bibi?"
"Shule haina ada, nimesikia redioni.
Ina daftari. Ina sweta.
Ina saa sita mchana, na mtoto hajatia kitu mdomoni."
Natafuta kisanduku cha kuliweka hilo.
Nageuza ukurasa. Nyuma kuna nafasi ya muhuri.

Nawaambia kuna faini. Nawaambia kuna kifungo.
Nawaambia, kwa sauti niliyoizoea,
kwamba yupo mtu aliyewaajiri hawa watoto
na huyo ndiye ninayemtafuta, siyo ninyi.
Wanatazamana.
Mmoja anapangusa pua kwa ncha ya khanga. "Mtafute," anasema.

Ndipo lori linapanda, gia ya kwanza, vumbi limetangulia.
Ndahani anatoa kichwa dirishani, meno yote nje:
"Shikamoo mkubwa! Kumbe uko huku!
Ile tripu ya pili ya Mkonze utanimalizia lini?
Si msingi umeshamwaga?"

Nyundo moja ilikuwa imeanza tena, ko, ko.
Imenyamaza.

Nilinunua kwa bei nzuri, nakumbuka.
Niliuliza kama ni safi, kama hazina udongo.
Niliuliza kama usafiri uko ndani ya bei.

Vichakani vichwa vinaanza kuchomoza, kimoja, vitatu,
wanalifahamu lori, lori halina fomu.
Foibe amejisogeza na kiroba chake mpaka ubavuni mwangu.
Anaisoma karatasi kutoka upande wake, herufi zikiwa miguu juu,
darasa la tatu aliloliacha likimrudia polepole,
kidole chenye kucha nyeusi kinatambaa chini ya mstari:
"Ji-na. La. Mwa-ji-ri."

Anainua macho.
"Hapa bado hujaandika," ananiambia.