Pangaboi

Chumba namba sita, ghorofa ya pili, dirisha linatazama ziwa.
Meza mbili, pangaboi moja, swichi moja,
na swichi iko upande wake.

Mimi joto linaniua. Yeye, Masalu, karatasi zake hupeperuka.
Naliwasha nikirudi kutoka chooni. Analizima nikijibu simu.
Miezi saba tumesemezana hivyo, kwa kidole,
taki, taki.

Ofisi yetu ni ya ankara za maji.
Ziwa zima limelala pale chini, linameta,
na mwanamke wa Buhongwa ananifokea kwenye simu:
bomba lake tangu Jumapili linakohoa upepo,
nami nimempelekea deni.
"Mnakaa mnalitazama tu hilo ziwa?"
Namwambia, samahani mama. Namwambia, fundi yuko njiani.
Fundi hayuko njiani. Fundi anakunywa chai na sisi.

Ikifika saa tisa mabega yangu yamepanda hadi masikioni.
Na kikao cha Jumatatu, Bi Nyanjige na kalamu yake nyekundu:
makusanyo, makusanyo, nani ameiangusha Igoma?
Masalu akatazama dari. Mimi nikamtazama Masalu.
Siku ile nilifika nyumbani Mabatini
nikamfokea mwanangu kwa sababu ya kijiko.
Kijiko!
Akaniuliza, "Mama, leo wamekuudhi tena?"
Lile "tena" lililala nami kitanda kimoja.

Wahenga walisema vyombo kabatini havikosi kugongana.
Sawa. Hawakusema
vigae anaokota nani,
wala nani alilichonga kabati likawa finyu hivi.

Basi mwisho wa Machi, mvua imegoma,
miamba ya mji huu imeshiba jua, usiku inalicheua,
nikaliwasha kwa hasira, nikaliweka namba tano.
Ankara mia tatu zikaruka kama yangeyange walioshtuliwa.
Moja ikatoka dirishani, ikaelekea ziwani
kumdai samaki gani sijui.

Masalu hakupiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha.
Alipiga magoti, akaanza kuokota,
na nikaona mikono inamtetemeka,
na shati lake, mgongoni, limelowa kuliko blauzi yangu.
"Kumbe nawe unasikia joto?"
"Nasikia. Lakini nikipoteza ankara moja nakatwa mshahara."
Aliiambia sakafu, si mimi.
Nikainama. Tukazipanga upya, Igogo, Igoma, Isamilo,
hadi taa za kivuko cha Kamanga zikawaka.

Hakuna aliyeomba radhi. Nisiwadanganye.

Asubuhi nilipita ufukweni kabla ya kazi,
nikachagua mawe manne ya duara, yaliyolambwa na maji,
nikayafuta kwa leso, nikayapanga mezani kwake.
Alipokuja aliyapima mkononi, moja moja,
kama mnunuzi wa viazi asiyemwamini muuzaji.
"Haya mawili mepesi," akasema, akanirudishia.
Akainuka. Taki.
Namba mbili.

Namba mbili hainitoshi. Yeye namba mbili inamzidi.
Ndiyo tunayoishi nayo.

Mwanamke wa Buhongwa bado anapiga simu.
Siku hizi namwambia kweli: fundi hajatoka, mama,
ngoja nimfuate kwenye chai yake.
Nikishusha mkono wa simu natazama nje,
nahesabu mawimbi saba kabla sijaunyanyua tena.
Masalu huona midomo yangu ikihesabu.
Simu ikilia nikiwa kwenye la nne, la tano,
anaipokea yeye.

Na yale mawe mepesi?
Moja limeshikilia mlango wa choo, kitasa kimekufa.
Moja nilimpelekea mwanangu.
Amelipa jina, Masalu.
Juzi nilimsikia akiligombeza,
kisha akalifunika na kitambaa, lisisikie baridi.