Ndege Yako

Tuliikata meza ya jikoni kwa msumeno,
tukaiteremsha vipande vipande hadi stoo ya viazi
chini ya jengo letu, hapa Košice,
Ondrej akaipaka rangi ya kijivu.
Kiti chake, kushoto, kilitoka kwenye Škoda iliyogongwa.
Changu, kulia, cha kinyozi, huzunguka kisipotakiwa.
Siku za mvua ukuta hutoka jasho
nyuma ya skrini.

Kaka yangu aliendesha kreni ya kiwanda cha chuma
miaka thelathini na mmoja, juu kule, peke yake na chupa ya chai.
Hakuzoea mtu wa pili.
Mimi nilikuwa simu: ubao wa waya, "subiri, nakuunganisha,"
hadi mtambo mpya ukaninyang'anya sauti.
Basi wiki za kwanza tuliruka kama watoto wanaogombea blanketi,
mkono wake na wangu kwenye swichi moja.
Magurudumu yalishuka, yakapanda, yakashuka.
Manahodha wawili, chombo mrama,
na abiria mia na themanini wasiokuwepo
walitapika wote, nina hakika.

Nikachukua daftari la mahesabu la marehemu mama,
nikapiga mstari katikati ya ukurasa.
Anayerusha: fimbo, nguvu za injini, macho mbele.
Asiguse kingine, hata pua ikimwasha.
Anayechunga: redio, vibawa, magurudumu, orodha,
na kusema. Hasa kusema.
Akiona kasi imezidi, aseme "kasi",
asilimeze neno
eti kwa kuwa mwenziwe kamzidi miaka sita.
(Hilo niliandika kwa wino mwekundu. Ondrej akakohoa.)
Na chini kabisa, karibu na doa la kahawa:
akiitwa mara mbili asijibu, chukua ndege.

Ilikuwa kama vyombo vya utotoni,
yeye kuosha, mimi kukausha.
"Magurudumu?"
"Chini. Taa tatu, kijani."
Kwa majibu hayo mafupi nilimjua kaka yangu
kuliko kwa Krismasi zote tulizokula pamoja.

Februari tulikuwa tunashuka Innsbruck,
milima huku na huku, na upepo wa ubavuni
niliouweka mwenyewe kwenye kompyuta, kwa ukorofi.
"Elfu moja," nikasema.
Alipaswa kujibu, "Nimeona."
"Elfu moja, Ondrej."
Spika zilinguruma.
"Ndege yangu," nikasema, nikashika fimbo
kama ilivyoandikwa, kisha nikamtazama.
Nusu ya uso wake ilikuwa imeanza kushuka
bila kuiambia nusu nyingine.

Nikaiachia ndege.
Daftari halikuwa na mstari wa hilo.
Nilikuwa kwenye simu, na sauti yangu ya zamani, tulivu,
nikitaja mtaa, namba ya jengo, ngazi za chini, kitasa kibovu,
na mgongoni mwangu mashine inapiga kelele, vuta juu, vuta juu.
Wakafa wote mia na themanini.
Sijawaomba radhi mpaka leo.

Sasa ni Oktoba.
Tumebadilishana viti. Wazo lake, aliniandikia kwenye bahasha:
kulia, fimbo iko upande wa mkono mzima.
Maneno humjia kwa kuchelewa, kama basi la usiku,
lakini huja.
Kwa hiyo nimeikata sheria ile ya mwisho
na pembeni nimeandika: msubiri.
Sijui kama marubani wa kweli wangekubali.
Wala sisemi uongo: ninaposubiri
siangalii saa ya kasi, naangalia shavu lake.

Tuko juu ya mawingu ya Poprad, hakuna haraka.
Nimeondoa mkono.
"Ndege yako," nasema.
Tatu. Nne.
Tone moja limeteleza ukutani.
Saba.
"Yangu," anasema.