Hawamo Daftarini

Mthamini alikuja Jumanne na futi ya chuma,
akahesabu: bati kumi na nane, milango miwili,
mpapai mmoja (dume, hauzai, ila aliuandika),
choo cha shimo, mashine ya kukamua alizeti.
Akachora X nyekundu ukutani, rangi ikachuruzika.
Nikamuuliza: na hawa?
Akachungulia nyuma ya magunia ya mashudu.
Macho tisa yakamchungulia
(mama yao ni chongo).
Akafunika kalamu.

Si paka wa mtu. Wala si wa porini.
Miaka mitatu namtupia yule mama vichwa vya dagaa
na hajanipa mgongo wake niupapase hata siku moja.
Hula akinitazama,
sikio moja kwangu, jingine barabarani.
Tulipatana bila maneno:
mimi nisimguse,
yeye asimsaze panya kwenye mbegu.

Notisi, siku saba.
Nikaazima tenga la kuku kwa Mama Nyemo,
nikafunga kamba mlangoni, nikatia perege wa Mtera.
Usiku wa kwanza ulikuwa upepo tu, na vumbi,
na mimi nimeshika kamba
kama mwendawazimu anayevua nchi kavu.
Usiku wa pili wadogo wawili waliingia,
wakala, wakalala humohumo.
Wa tatu nilimtoa kwenye pipa la mafuta,
akaniachia mistari minne mkononi,
saini ya kwanza niliyopewa katika shughuli hii yote.
Wa nne alijileta mwenyewe, kwa wivu.

Mama akabaki.
Alikaa juu ya bati akiwasikia wanalia tengani,
jicho bovu kalielekeza kwangu
kama mtu anayegeuza uso msibani.
Adhana ya alfajiri ilipoanza, akashuka.
Samaki hakumtazama.
Alimruka, akaenda kujilaza kati ya wanawe,
nami nikavuta kamba.
Nimebeba magunia ya alizeti tangu ujana.
Sijavuta kitu kizito kama kile.

Watu husema paka mhamishe gizani,
akiiona njia atairudi.
Nikawafunika kwa gunia,
Chilongani akatupakia kwenye bajaji yake, safari ya Mpunguzi.
Kila tuta la barabarani mama alilia mara moja,
mara moja tu,
kama anayehesabu.

Kule Sechelela ana ekari moja na nusu ya zabibu
na panya wanaotafuna mipira ya dripu kwa kiu.
"Mbukwenyi," akawaamkia, kama wageni waliokuja na barua,
akawafungia stoo wiki tatu
kati ya makreti na madebe,
waizoee harufu ya mahali.

Siku ya kufungua mlango nilikuwepo.
Wadogo wakatoka wakinusa mchanga mwekundu,
mmoja akapiga chafya.
Mama akapita kati ya miguu yetu, akaingia mizabibuni.
Hakugeuka.

Siku tano hakuonekana.
Jioni moja nikarudi Majengo, sijui kutafuta nini.
Kijiko kilikwishapita.
Palikuwa na uwanja, na kisiki cha ule mpapai dume,
na mimi juu ya kifusi naita psi, psi, psi,
wapita njia wakinitazama.
Fidia yangu iko benki, shilingi kwa shilingi.
Sikujua kwamba mtu anaweza kulipwa
kila kilichoandikwa
na bado akawa anadai.

Ijumaa Sechelela akapiga simu, sauti ina usingizi.
"Amerudi?"
"Sijamwona," akasema.
"Ila hapa kizingitini nimekuta mkia wa panya.
Umelazwa vizuri, umenyooka,
kama risiti."