Jiwe Lililopepesa

Nilikuwa nimeshainua nyundo, chura,
kijitoni nyuma ya Bugarika,
pale maji yanaposhuka kati ya mawe
kama mtu mwenye haraka asiyetaka kuaga.
Jiwe nililipima kwa jicho: karai nane, pengine tisa,
na fundi wa Nyegezi anadai mzigo wake tangu Jumatatu.
Ndipo jiwe likapepesa.

Nikashusha nyundo.
Kijivu juu ya kijivu,
madoa yako ni yale yale ya jabali,
hata zile chembe zinazometa juani unazo mgongoni.
Mimi ninayejua mawe kwa mlio wake
nimedanganywa na kitu kisichofika kidole gumba.

Lushinge, kitinda mimba wangu, akalala kifudifudi akuchungulie.
"Mama, ana vifungo kwenye vidole!"
Kweli. Ncha zimetanuka, duara,
zimeganda kwenye utelezi ulioniangusha mimi mara mbili
na kandambili zangu za tairi.
Na chini ya povu, viluwiluwi wako
hawaogelei. Wamelinyonya jiwe
kama pembe ya mwumishi mgongoni pa mgonjwa;
mkondo unawachapa, mikia inatikisika,
mdomo hauachii.
Mvua ya Machi itashuka na chupa, na nepi, na kiatu cha mtu,
vyote vitafika ziwani.
Wanao hawaendi.

Wanasema kelele zako hazimzuii ng'ombe kunywa maji.
Ng'ombe wa huku walishauzwa. Na wewe kelele huna,
una mlio mwembamba, tii,
msumari kwenye bati,
umekondeshwa makusudi upenye ngurumo ya maji.
Wale ndugu zako wa matopeni Butimba, wenye makoo mapana,
hapa wasingesikika hata na wake zao.

Nyamizi akapaza sauti toka juu: umeokota dhahabu huko?
Nimekuta mpangaji, nikasema.
Akacheka. Akauliza karai ngapi.

Sijui, chura. Leo nimelikwepa.
Nimepasua la pembeni, lile lenye mshipa mweupe,
gumu, limenila ngozi ya kiganja,
limetoa karai tatu.
Kesho fundi atapiga simu,
na ada ya mtihani wa Lushinge haina habari nawe.

Sasa umeme umekatika mtaa mzima.
Tii. Kisha maji.
Mtoto amelala na vidole vimeganda ukutani,
anajaribu.
Tii.