Dakika ya Kumi na Mbili

Niliinunua kwenye mnada wa chuo cha ufundi, Khayega:
kompyuta bila kifuniko, feni inakoroma kama mlevi.
Nikaipangusa vumbi, nikaivisha Linux,
nikaandika amri hadi jogoo wa pili.
Ikanijibu: ruhusa imekataliwa.
Nikaomba upya kwa jina la mwenye mashine.
Ikakubali, shingo upande.

Kisha mafahali. Miaka tisa ya Jumamosi za Shinyalu,
kanda juu ya kanda, vumbi, isikuti, pembe,
nikazikatakata vipande vya sekunde sita sita
zipite hata kwenye simu yenye ufa.
Nikafungua lango la 8080.
Nikasema: itisheni mtakacho.

Wakaitisha Transfoma akimfukuza mwenziwe hadi mtoni.
Wakaitisha Transfoma tena.
Stima ikapotea, tukacheka.

Ila daftari la seva halilali,
humwandika kila abishaye.
Kuna simu moja, saa nne na nusu, kila usiku,
pambano haina haja nalo. Inaruka
hadi dakika ya kumi na mbili, sekunde ya arobaini,
inakaa, inarudi nyuma, inakaa.

Nikaenda kutazama mwenyewe.
Mafahali hata hawamo.
Kamera yangu imeyumba: nyasi, kiatu cha mtu,
na nyuma ya ngoma Lihanda anapiga mluzi,
anaita, "Muhonja, leta maji!"

Tulimzika Machi.

Sasa diski imejaa.
Nimefuta harusi yangu.
Kile kipande sikigusi.