Bila Ngano

Saa nne usiku, duka kubwa la Maabela.
Baridi ya mashine inaniuma vidole vya miguu,
na nje joto la Septemba limekalia magari
kama mgeni asiyejua kuaga.
Nimesimama mbele ya maboksi matatu.
Kesho kutwa Zuwena anatimiza saba.

La kwanza nalijua, ndilo la mwaka jana.
Keki ilitoka jikoni imevimba, ina mashavu;
kisu kilipoigusa tu, ikamomonyoka yote,
tukaila kwa vijiko.
"Tamu, mama," alisema Zuwena,
nami nikageukia sinki, nikafungua maji.

La pili, riali nne kasoro baisa hamsini.
Riali nne, keki ya watu sita!
Kwa pesa hizo mama mkwe ananunua kuku wawili
na chenji ya vitunguu anarudi nayo.

La tatu bei yake ya kati, picha yake inameremeta,
na juu ya maandishi ya kwao wamebandika karatasi ya Kiarabu:
haina ngano.
Karatasi inaapa.
Nimeshawahi kuiamini karatasi.
Niliiamini kwenye biskuti za Idi,
tukalala hospitali siku mbili,
mtoto kajikunja ubavuni kwangu kama herufi ya nuni.

Siku daktari aliyosema, asile ngano, maisha yake yote,
tulirudi nyumbani gari zima kimya.
Usiku, taa imezimwa, akaniuliza:
"Na zile za sungura na fisi?
Nazo kanikataza?"
Nikacheka, kicheko kikageuka njiani.
Nikampa ngano tatu kwa mpigo,
akalala ameshiba.

Tangu siku hiyo nasoma kila kitu.
Nasoma chupa ya soya, kidonge cha supu, dawa ya kikohozi,
nasoma hata ule udongo wa rangi wanaofinyanga skuli.
Miwani nimeipata kwa kusoma maboksi,
si kwa vitabu.

Mama mkwe anashangaa. "Tabu yote ya nini?
Mkate wa kumimina una ngano gani?
Mchele, nazi, iliki, basi.
Tumeula tangu Wete, nani kaumwa tumbo?"
Kweli tupu. Ataupika, na tutaula mpaka makombo.
Lakini Zuwena alishaninong'oneza, macho chini:
"Ule mkate wa bibi.
Mimi nataka keki. Ile mshumaa unasimama."

Kijana wa duka anapanga makopo, ananitazama.
"Mtoto?" anauliza, kwa Kiarabu cha kuokoteza.
Namwonyesha ile karatasi.
Anaangalia kushoto, anaangalia kulia,
anapenyeza ukucha wa gumba pembeni
taratibu, kama anayembandua mtoto plasta.
Chini yake mstari mmoja, mwembamba kama uzi.
Simu inautafsiri kwa kusitasita:
huenda ikawa na chembe za ngano.

Hatusemi kitu.
Anairudisha karatasi, anaibonyeza kwa kiganja,
inainuka. Anaibonyeza tena. Inainuka.
Analichukua boksi zima, analitia chini ya toroli lake,
na kwenye shelfu panabaki pengo.

Nikalipa riali nne.
Zile baisa hamsini sikuzingoja.

Nyumbani nilidhani kalala. Kumbe yuko macho,
kakaa mlangoni na mto wake.
Akalishika boksi kwa mikono miwili,
akalisoma kidole kwa kidole, kama chuoni,
mbele, ubavuni, mpaka tarehe.
Kisha akakunja uso.

"Mama, na Azzan? Na Mazna?
Wao hii wanaruhusiwa?"

"Wanaruhusiwa, mwanangu. Wote."

"Una hakika?
Umesoma na kwa nyuma?"