Kitabu cha Mihuri

Baba, nimekifungua kitabu chako cha ubaharia,
kile cha bluu ulichokificha chini ya mkeka
ndani ya mfuko wa sukari.
Kurasa zimevimba kwa chumvi. Mihuri imefifia:
Hamburg, Santos, Pusan, Hamburg tena,
na mmoja haukusomeka, umemezwa na grisi ya kidole chako.

Mimi ni mhasibu, unanijua. Nikaketi, nikajumlisha.
Tangu muhuri wa kwanza hadi siku daktari alipokukatalia
ni miaka thelathini na mmoja.
Humo ndani, usiku uliolala nyumbani Betio
ni elfu moja mia nane tisini na mbili.
Nikarudia hesabu, nikidhani nimekosea.
Sikukosea.

Zamani sikukujua kwa uso. Nilikujua kwa kanda.
Mama akiiweka kaseti kwenye redio, sote kimya,
nawe ukasema, "Bwenaua, mwanangu, unasoma?"
na chini ya sauti yako injini ikinguruma.
Nilidhani kila baba ana injini kifuani.
Uliporudi ukaniita kwa sauti tupu, isiyo na mngurumo,
nilikimbilia nyuma ya Mama nikasema: huyu siye.
Ulicheka. Usiku nikakusikia uani,
hatua kumi na mbili kwenda, kumi na mbili kurudi,
kama zamu haijaisha.
Na ulilala umeshika ukingo wa kitanda
nyumba isije ikapinduka.

Kitabu hakisemi ulifanya nini.
Muhuri husema umepanda, umeshuka, basi.
Hausemi ulikuwa bahari ya kaskazini ukikwangua kutu,
vidole vimekufa ganzi, asubuhi ile Kabuati alipozaliwa;
wala kwamba habari ilikufikia siku ya tisa,
ukaandika jina lake kwa brashi ubavuni mwa meli
mahali ambapo rangi ya pili ingelifunika.
Hilo ulimwambia ami Ioteba. Sisi hukutuambia.

Sisi tuliona bati. Tuliona tangi la maji,
ambalo mwaka wa ukame mtaa mzima ulipanga ndoo mbele yake
na Mama hakumtoza mtu.
Tuliona koti la baridi, zito kama nguruwe,
ambalo hapa kwetu halina kazi; paka alizalia humo miaka mitatu.
Tuliona karo yangu ya Fiji, risiti baada ya risiti,
nami nikakuandikia kwamba fedha ya Juni imechelewa wiki mbili,
na wenzangu wote wamelipiwa.
Nisamehe ile barua.
Niliikuta humu humu, imekunjwa mara nne,
katikati ya Santos na Pusan.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini.
Kwako waliongopa. Wewe ulichumia juani;
waliokula kivulini ni sisi.

Ofisini nina muhuri wangu, wa mpini wa mbao: IMELIPWA.
Jana niliuchovya wino, nikaushikilia
juu ya ukurasa wa mwisho, ambao haukujazwa.
Mkono haukushuka.
Nikaurudisha kwenye droo, nikachukua kalamu:
Betio. Tarehe ya leo. Yupo.

Kesho nitaandika hivyo hivyo.
Kurasa zikiisha nitashona nyingine.

Nje unakwangua tangi. Kru, kru.
Kutu imeanzia chini, karibu na bomba.
Hakuna aliyekutuma, jua ni kali,
na Mama anakuita mara ya tatu, chai imepoa.